Punje ya Karafuu Katika Kura ya Sikukuu

Mwalimu mkuu wa sasa ameniomba niandike kumbukumbu za miaka yangu ya kazi, ziwekwe kwenye kabati la ofisi ya walimu, wanaoanza kazi wazisome. Nilimuuliza anataka kurasa ngapi. Akasema, "Zozote tu, Bi Mwanaidi." Masikini, hajui amemwambia nani.

Nilifundisha sayansi kimu katika shule yetu ya msingi hapa Pongwe tangu nikiwa msichana mwenye kiuno mpaka nilipopewa saa ya ukutani na kuagwa. Somo lenyewe lilibadilishwa jina kila walipobadilika wakubwa, lakini kushona kifungo kukabaki kushona kifungo. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na funguo za stoo badala ya nafuu. Nitaeleza kazi moja ambayo haikuandikwa kwenye barua yangu ya ajira, nayo ni kamati ya Fungu la Sikukuu. Ukimaliza kusoma, rudisha kabatini, funga, na usimsimulie mzazi yeyote. Utaona mwenyewe kwa nini.

Siku yangu ya kwanza nilitoka kwetu Muheza na kikapu cha machungwa ambacho mama alinipa nimpelekee mkuu wa shule. Hakikumfikia. Alinipokea Mwalimu Naemi, Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, mwembamba, mtu pekee niliyepata kumwona akivaa sweta katika joto la Tanga. Alichukua kikapu, akahesabu watoto waliokuwa wamekaa kivulini bila kwenda nyumbani kula, akawagawia chungwa moja moja, akanirudishia kikapu kitupu pamoja na shukrani. Kisha akaniletea pishi, kile kipimo cha mti cha kupimia nafaka, kimeng'aa kwa kushikwashikwa.

"Chaki utapewa na mkuu," alisema. "Hiki nakupa mimi."

"Cha nini, mwalimu?"

"Utakijua Desemba."

Desemba nilikijua. Shule ilikuwa na desturi ya kuchangisha vyakula kabla ya Krismasi na kabla ya Idi, kwa ajili ya familia zisizojiweza. Kila aliyejaliwa alileta alichonacho, nasi tukapima kwa pishi. Hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye kugawa. Shule nzima ilipangwa mstari, mgeni rasmi akaketi chini ya turubai, na majina ya watoto maskini yakasomwa kwa sauti, mmoja mmoja aje mbele apokee unga, apigwe picha na mgeni. Jina la tatu lilikuwa la msichana anaitwa Halima. Alitoka mstarini akitazama vidole vya miguu yake. Nilikuwa mgeni katika kazi, nikapiga makofi kama wenzangu. Mpaka leo nayaonea haya makofi yale.

Mchana mama yake Halima alikuja na unga ule kichwani. Aliutua mezani kwetu taratibu, wala hakupandisha sauti.

"Walimu, ahsanteni. Unga wenu huu hapa. Jina la mwanangu lirudisheni mlikolitoa."

Akaondoka. Mwalimu Naemi alivua sweta lake, jambo ambalo sikupata kuliona tena, akalikunja, akalivaa upya. "Hatutafanya hivi tena," akasema.

Ndipo alipobuni kura. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Kila familia yenye mtoto shuleni ilete kitu, hata kama ni limau moja au kijiti cha udi. Asiwepo asiyeleta. Vitu vyote vifungwe mafungu kulingana na idadi ya familia, na kila familia itoke na fungu lake. Mafungu kumi yawe mazito: mchele, maharage, mafuta, sukari, nguo, na fungu la kwanza lina mbuzi au kitu cha uzito huo. Yaliyobaki yawe mepesi, nazi na kipande cha sabuni. Majina ya familia yaandikwe kwenye vikaratasi, yakunjwe, yatiwe chunguni. Mwalimu mmoja afungwe macho kwa kanga, atoe majina kumi ya kwanza kwa ajili ya mafungu mazito, kisha mengine. Kila mtu katoa, kila mtu kapata, na aliyepata kikubwa kapata kwa bahati yake. Nani atamcheka mtu kwa bahati?

"Lakini mwalimu," nikamwambia, "bahati haina macho. Mbuzi atamwangukia mwenye duka."

Mwalimu Naemi akafungua mkoba wake, akanionyesha kifuko cha karafuu.

Katika vikaratasi kumi, vyenye majina kumi tuliyoyachagua sisi wawili, tulikunja punje moja moja ya karafuu. Kidole kinaijua karafuu hata ndani ya karatasi iliyokunjwa mara nne. Unaingiza mkono chunguni, unakorogakoroga kwa mbwembwe, unamsikia kila mtu akivuta pumzi, na huku unatafuta kipunje kigumu. Ukikunjua ili mwingine asome jina, karafuu inateremka kwenye mkono wa gauni. Macho yamefungwa kanga, vidole vyako viko huru.

Mwalimu wa madrasa ya jirani alikuja kuuliza kama hii si kamari. Tulimweleza kwamba hakuna anayenunua nafasi wala anayepoteza. Akaridhika. Nilichoogopa mimi kilikuwa kingine. Kura ya kwanza iliangukia Ramadhani, na nilijua wazazi watauliza maswali. Nikamwambia Mwalimu Naemi kwamba nimefunga, sitaweza kusema uongo.

"Basi usiseme," alinijibu. "Mimi sijafunga, nitausema mimi. Na Desemba nikiwa kwenye toba ya Majilio kabla ya Krismasi, zamu yako."

Tukaenda hivyo miaka na miaka. Ramadhani Mlutheri ndiye aliyesema uongo, Desemba Mwislamu. Nadhani huko juu walishindwa kujua dhambi ile waiandike wapi.

Mtauliza tulijuaje nani ni mhitaji. Kumwuliza mtoto nyumbani kuna nini ni kumvua nguo. Mwalimu Naemi alikuwa na njia yake, nami nawaachia kwa kuwa bado inafanya kazi. Wiki chache kabla ya sikukuu, darasa la nne na kuendelea waandike insha: Sikukuu Nyumbani Kwetu. Usisahihishe nukta. Soma tu. Watoto wanaandika yote. Kuna aliyeandika kwamba baba yake huficha nyama juu ya kabati la nguo. Kuna aliyeandika habari ya kufiwa na baba kwa uchungu mpaka tukalia, tukamwekea karafuu, na siku ya kura baba akatokea mzima kutoka Muheza na tenga la machungwa begani, akauliza kwa nini walimu wanampa pole. Mtoto alipoulizwa alisema insha ilikuwa fupi, akaona aongeze tukio. Leo ni mwandishi wa habari.

Lakini katika kazi yote ile hakuna aliyetutoa jasho kama Mzee Seif.

Mzee Seif alikuwa wa zile familia zilizotoka Omani zamani, wenye minazi upande wa Pangani na nyumba kubwa yenye mlango wa nakshi. Ujana wake aliumaliza katika biashara. Nilipomjua mimi minazi ilikwisha kuuzwa, dari ya nyumba ilikwisha kuanguka nusu, na alikuwa akilea wajukuu watatu peke yake. Kanzu yake hata hivyo ilikuwa nyeupe kila siku. Hakuwa na habari ya kupokea. Katika ukoo wake walizaliwa wa kutoa, kama wengine tulivyozaliwa wa kusogeza viti kwenye mikutano.

Mwaka wa kwanza wa kura alileta gunia la nazi. Mwaka uliofuata kikapu. Kisha nazi tano. Kisha akaleta dele la kahawa la shaba, limesuguliwa likang'aa, akaliweka mezani petu akasema, "Litamfaa mtu." Mwalimu Naemi alilitazama lile dele, akanitazama mimi. Alikuwa ameanza kutoa vya nyumbani.

Siku zile zile mjukuu wake Rahma alileta insha. Aliandika kwamba babu yao anapenda wafunge sitta baada ya Idi kwa sababu ya thawabu zake, na kwamba kwao sitta hizo, ambazo kwa watu wengine ni siku sita, huendelea mpaka mwezi unaofuata, mfungo pili. Niliisoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka.

Tangu hapo jina la Mzee Seif likawa na karafuu. Alipoitwa alikuja taratibu na bakora yake, akapokea kikaratasi chake, akakiinua karibu na uso kana kwamba anahakikisha jina, akakitia mfukoni, akasema, "Alhamdulillahi, kura imependa." Akawaita wajukuu wabebe. Sisi tukapongezana kwa kope. Tulijiona wajanja sana.

Tatizo la ujanja ni kwamba watu wanahesabu. Mzee Seif aliposhinda mara ya nne mfululizo, pale sokoni walianza kusema anafuga jini. Mama mmoja aliapa amemwona jini huyo, mfupi, amevaa kofia ya kiua. Ikabidi tumpumzishe mara moja, na tukatia karafuu kwenye jina la mwenye duka ili kuzima maneno. Mwenye duka alishinda jogoo na doti ya kanga. Alitamba mwaka mzima. Alisema yeye toka utotoni ana nyota.

Halafu Mwalimu Naemi akastaafu, akarudi Lushoto ambako sweta lina kazi. Kabla ya kupanda basi alinikabidhi ile kanga ya kufungia macho, na pishi kwa mara ya pili, kana kwamba mara ya kwanza ilikuwa mazoezi. Nilimwuliza kama ana neno la kuniachia. "Nunua karafuu mapema," akasema. "Sikukuu ikikaribia zinapanda." Nililia mpaka basi lilipokata kona.

Kura yangu ya kwanza bila yeye ilikuwa ya Ramadhani. Nilikuwa peke yangu, na nimefunga. Niliamua kwamba nitajibu kila swali kwa maneno ya kweli yasiyotosha. Karafuu nilizitia vizuri kwenye majina kumi. Fungu la kwanza mwaka ule lilikuwa mbuzi jike mwenye mimba, mchele na dumu la mafuta, na nililipanga kwa Mzee Seif, maana tulikuwa tumempumzisha safari iliyopita na Rahma alikuwa amekonda.

Kilichoniponza ni chungu. Cha shule kilipasuka juzi yake, nikamwomba Mama Pili, mpishi wetu, atuazime cha nyumbani kwake. Mama Pili ni mtu wa heshima. Alikuwa amekipikia papa, akaona aibu kuleta shuleni chungu kinachonuka papa mbele ya wazazi. Akakiosha, akakikausha, kisha akamwagia ndani konzi mbili za karafuu ili kinukie. Akakileta kimefunikwa kawa. Mimi nikamimina vikaratasi bila kutazama, nikafungwa kanga.

Niliingiza mkono. Karafuu. Nikasogeza. Karafuu. Karafuu chini, karafuu pembeni, karafuu zimeng'ang'ania kila karatasi kama kupe. Nilikoroga mpaka watu wakaanza kukohoa. Nikasikia sauti ya Mama Pili nyuma yangu, ya furaha, "Kinanukia, eti mwalimu?"

Katika hali hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe, kura ya shule yetu ilipigwa kwa haki. Yalikuwa maafa matupu. Mbuzi alimwendea mwalimu mkuu mwenyewe, aliyekuwa na watoto wawili shuleni. Fungu la pili mwenye duka, aliyesimama akawaambia watu, "Si niliwaambia?" Mzee Seif aliitwa karibu na mwisho kabisa. Alipata kiberiti na nazi moja, na nazi yenyewe ndiyo ile aliyoileta yeye asubuhi. Aliigeuza mkononi.

"Hii naijua," alisema. "Imekwenda kutembea, imerudi."

Watu walicheka. Wajukuu wake hawakucheka. Rahma alikuwa amekuja na kamba ya kumfungia mbuzi.

Alasiri nilimpelekea mchele wangu wa nyumbani, nimeuficha ndani ya mkoba wa madaftari. Nilimkuta barazani anasoma juzuu yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee Seif."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kahawa nisamehe, mwezi wenyewe unauona." Dele pia hakuwa nalo, lakini hilo hakulitaja. Aliutazama mkoba. "Hayo madaftari yanamwagika."

Kweli, mchele ulikuwa unachuruzika sakafuni. Nikabaki nimeinama nauokota punje kwa punje. Yeye akafunga juzuu.

"Leo mmeniacha," akasema. "Nimewakosea nini?"

"Kura, mzee. Bahati..."

"Umefunga, mwalimu."

Nikaokota punje nyingine ya mchele.

"Miaka thelathini nimenunua karafuu Pemba," alisema. "Nikipita barabarani najua nyumba gani wamezianika na siku ngapi zimebaki. Wewe na yule mwenzio wa Lushoto mkanipa karatasi iliyokunjwa karafuu, mkadhani Seif hana pua?"

Nilitamani sakafu ipasuke niingie na mchele wangu. Nikamwuliza alijua tangu lini.

"Tangu ya kwanza. Nilikwenda nyumbani nikakaa nikaghadhibika. Nikasema kesho nawarudishia kila kitu. Kisha nikamkumbuka yule mwalimu, alivyokuwa akitokwa jasho ndani ya sweta lake, anakoroga chungu kwa ajili yangu. Nikaona nikirudisha nitamvunja moyo. Mtu amehangaika vile, huwezi kumnyima furaha yake. Basi nikawa nakuja kupokea, iwe sadaka yangu kwenu. Ilikuwa nzito kuliko gunia la nazi, wallahi." Akanyanyua kidole. "Neno moja tu. Mwaka fulani mliweka makonyo."

"Makonyo?"

"Vikonyo vya karafuu. Takataka zake. Mchuuzi aliwapunja. Nilivumilia, nikasema ni wanawake wa watu, hawakujua. Lakini moyo uliniuma."

Nilicheka nikilia, huku kiganja kimejaa mchele. Naye akacheka, kwa mara ya kwanza nikaona hakuwa na meno ya upande mmoja. Mchele aliuchukua. Aliniambia tu nisimjulishe Rahma wala wenzake. Wao waendelee kuamini bahati ipo na inawajua.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza yote. Nilitegemea barua ya onyo. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, kisha akauliza kwa uchungu kidogo kama mbuzi kweli hawezi kubaki. Alipiga kengele na kuwaita wazazi, akatangaza kwamba kura itarudiwa kwa sababu imevunja kanuni: familia ya mwalimu yeyote wa shule hairuhusiwi kupata fungu zito. Kanuni hiyo aliitunga akiwa anatembea kutoka ofisini kwenda kwenye mlingoti. Ipo mpaka leo. Mwenye duka naye tulimwomba arudishe fungu, na alirudisha kwa roho safi, akijua kwa nyota yake atashinda tena. Kura ya pili ilipigwa kwa ndoo ya plastiki. Rahma aliondoka na mbuzi, na Mzee Seif aliponipita alinong'ona, "Hizi nzuri. Za Pemba."

Tuliendelea hivyo, yeye akipokea na mimi nikijua kwamba anajua, mpaka Rahma alipomaliza chuo cha uuguzi akawa anawalisha wadogo zake. Mwaka ule Mzee Seif alileta gunia zima la nazi, akanikatalia karafuu kwa ishara ya kichwa. Alifariki baadaye, na kwenye hitima yake walikula watu wengi kuliko nyumba ilivyoweza kubeba.

Nami nikastaafu. Pishi, kanga na kifuko nilimkabidhi Mwalimu Neema, binti wa wakata mkonge, Mkatoliki, msichana wa macho makavu asiyecheka ovyo. Nilimfundisha kila kitu, insha mpaka karafuu. Nilimwonya kuhusu chungu cha Mama Pili.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika. Mume wangu aliugua mwaka ule ule nilioagwa. Tulichokuwa nacho kilikwenda naye hospitali, na hakikurudi, wala yeye hakurudi. Nimebaki na mjukuu wangu Saumu, yuko darasa la nne. Mvua za vuli zilizopita, upepo uling'oa bati za jiko langu la nje. Nyingine zilikwenda kwa jirani, nyingine sijui zilikokwenda. Nilimwambia kila aliyeuliza kwamba nimezitoa mwenyewe kwa sababu moshi ulikuwa unaniumiza macho. Walinisadiki, au nilidhani hivyo. Mtu aliyewadanganya watu wa Pongwe kila sikukuu kwa miaka yote ile hashindwi na bati.

Desemba nilialikwa kwenye kura kama mstaafu. Nilikaa mbele, kanga mpya, limau langu nimelileta kwa mujibu wa sheria. Fungu la kwanza mwaka huu halikuwa na mbuzi. Lilikuwa bati ishirini, misumari, na fundi aliyejitolea siku mbili. Nikawaza, mgawo wa ajabu huu, nani mwenye shida ya bati? Nilikuwa bado nawatazama wazazi mmoja mmoja nikimtafuta, Mwalimu Neema alipoingiza mkono chunguni, macho yamefungwa kwa kanga ile ile. Alikoroga. Alikoroga kwa mbwembwe nilizomfundisha mimi. Akatoa, akakunjua, akamwonyesha mwalimu mkuu asome.

"Familia ya Saumu. Bibi yake, Bi Mwanaidi."

Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikaa. Nilihisi joto linapanda kutoka miguuni, hasira tupu, naisema kama ilivyokuwa. Mimi! Mimi niliyeanza kuzitia karafuu hizo kabla Neema hajazaliwa! Nikasema kwa sauti, "Kuna kanuni. Familia za walimu haziruhusiwi."

"Za walimu wa shule, Bibi," alijibu Neema, macho bado yamefungwa. "Wewe umestaafu."

Nikamgeukia Saumu. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, lakini kwa namna nyingine, ya mtu aliyefanya jambo. "Uliandika nini kwenye insha?" nikamnong'oneza.

"Nimeandika tu Bibi akipika mvua ikinyesha anashika mwavuli mkono mmoja na mwiko mkono mmoja. Mwalimu akanipa alama zote."

Nilisimama. Kutoka kitini mpaka mezani ni hatua kama kumi, na katika hatua hizo nilimfikiria Mama Halima na unga wake kichwani, nikawa na neno langu tayari. Bati zenu hizi hapa. Halafu nikamwona Neema. Alikuwa amefungua kanga. Ameshika kile kikaratasi kwa mikono miwili ananinyoshea, na usoni ametokwa jasho jembamba juu ya mdomo. Binti wa macho makavu alikuwa anaogopa. Aliogopa nitakataa.

Hapo ndipo nilipojua Mzee Seif alibeba nini miaka yote ile na bakora yake.

Nikapokea. Nikakiinua karibu na uso, kana kwamba nahakikisha jina. "Alhamdulillahi," nikasema kwa sauti ya kuwatosha wote. "Kura imependa." Watu wakashangilia upya, Saumu akaruka, na fundi akaanza kupima urefu wa bati kwa hatua.

Neema alishusha pumzi. Nikamkumbatia, na sikioni nikamwambia, "Majilio haya, zamu ya kusema uongo haikuwa yako."

"Sielewi unasema nini, Bibi," akajibu, uso mkavu kabisa.

"Na haya ni makonyo, mwanangu," nikamwambia. "Nimevumilia."